Sindano Itulie

Dakika ya themanini na saba ukungu
umeshuka kutoka mlimani bila kulipa kiingilio,
umekaa nyuma ya goli la kusini
pamoja na watoto wanaookota mipira.
Mimi ndiye kibendera wa upande huu.
Mstari wangu nusu chokaa, nusu majivu,
maana chokaa iliishia karibu na kona
na mama Sekela akatoa majivu ya jikoni kwake,
akasema, choreni, lakini debe nalitaka.

Kona ya Katumba.
Mpira unapanda, unapotea kwenye weupe,
unarudi umelowa, mzito kama kabichi.
Ambakisye anaruka.
Mikono hiyo imetoka kufyatua matofali asubuhi.
Anaugusa, anauvuta kifuani, anaanguka nao,
kiwiko kinapiga tope,
mguu wa mtu unapita,
wavu unacheza.

Sasa nusu ya Tukuyu inasema goli.
Nusu inasema kadaka, kapigwa teke la mkono!
Mzee mwenye koti la mvua la posta
anasema kipa wa zamani hakuwa akitema,
na hakuna anayemuuliza zamani ipi.
Mwalimu Mwaisumo ana filimbi mdomoni, haijalia.
Ananitazama mimi.

Kitabu nakijua.
Mpira ukiwa katikati ya viganja,
au katikati ya kiganja na kitu chochote,
ardhi, kifua, mwamba wa goli,
huo ni wa kipa, usiuguse.
Isipokuwa umemdundia tu.
Isipokuwa alikuwa anaokoa.
Hizo isipokuwa mbili ni fupi kwenye karatasi.
Hapa zina upana wa uwanja mzima,
na kitabu hakikuandikwa na mtu
aliyesimama kwenye ukungu wa mwezi wa sita
soksi zimelowa, watu wakimwita kwa jina.
Atuganile! Atu! Una macho au una vifungo?

Siku za kazi napima chai.
Vikapu vinashushwa, majani yana umande,
nakitundika kimoja, sindano inaruka:
kumi na nne, kumi na saba, kumi na tano.
Mkulima anaisoma ile ya juu.
Mtu wa kiwanda anaisoma ile ya chini.
Andika basi, dada, jua linakwenda.
Siandiki.
Kwanza kikapu kiache kubembea,
kamba iache kujisokota,
sindano itulie.
Hapo ndipo kilo inaitwa kilo.
Kabla ya hapo ni majani tu yanayoning'inia.

Kwa hiyo najiuliza, na sina sekunde mbili,
je, mpira ule ulitulia?
Naurudisha: viganja, kifua, tope.
Kiganja cha kushoto kilikuwa juu yake, ndiyo.
Lakini chini ya kiganja ulikuwa ukizunguka.
Niliiona ile alama ya tope ikigeuka,
kahawia, nyeupe, kahawia,
na kiwiko kilipogonga, ulikuwa umeshamwacha
kabla ya kiatu kufika.
Upana wa kidole, hivi.
Ningependa ungekuwa zaidi.

Ambakisye amepiga magoti. Hanilalamikii.
Hasemi mwamuzi, hasemi dada.
Anaangalia viganja vyake, kimoja, halafu cha pili,
kama mtu aliyepungukiwa chenji
na anajua hakuibiwa.
Afadhali angepiga kelele.

Nakishusha kibendera ubavuni,
nakimbilia mstari wa kati.
Ndivyo goli linavyosemwa na watu wa pembeni, kwa miguu.
Filimbi ikalia nyuma yangu.
Kitu laini kikanipiga mgongoni; parachichi, nadhani, lililoiva.
Viatu vilikuwa vyeupe kwa majivu ya mama Sekela.

Jumatatu alikuja na chai ya mama yake.
Kidole gumba kimefungwa kitambaa.
Foleni ikanyamaza kidogo, wakitaka kusikia.
Akatundika kikapu mwenyewe, akarudi hatua moja.
Kumi na tisa. Kumi na sita. Kumi na nane.
Hakusema andika.
Tukaitazama pamoja mpaka ikachoka.
Kumi na saba na robo, nikasema.
Akainama kuliona daftari.
Ndaga, akasema,
akabeba kikapu kitupu.